Geji nyembamba si chuma chembamba

Geji ni nafasi iliyopo kati ya reli mbili, kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine. Ikiwa chini ya milimita 1,435, ambayo ndiyo geji sanifu, inaitwa nyembamba. Maana yenyewe inaishia hapo. Haisemi lolote kuhusu umri wa njia, ukubwa wa treni wala uzito wa mzigo.

Mkanganyiko umeanzia kwenye neno letu. "Reli" kwa Kiswahili ni pau la chuma, na pia ni njia nzima ya treni. Mtu akisema "reli nyembamba", msikilizaji anaona chuma chembamba, kisha anaendelea: chuma chembamba, basi mzigo mwepesi, basi njia ya muda. Lakini chuma hupimwa kwa uzito, kilo kwa kila mita ya reli, na geji hupimwa kwa milimita. Kipimo kimoja hakikuambii kingine.

Tazama njia ya Sishen hadi Saldanha, Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1976. Geji yake ni milimita 1,067, nyembamba bila ubishi. Ina urefu wa kilomita 861, reli zake ni za kilo 60 kwa mita, na mabehewa yake ya madini ya chuma hubeba tani 30 kwa kila ekseli (mhimili wa magurudumu mawili). Ni miongoni mwa njia nzito kabisa za mizigo duniani. Upande wa pili, Uingereza ilipitisha sheria ya reli nyepesi mwaka 1896, na njia ya Kent & East Sussex ikaanza kufunguliwa chini ya sheria hiyo mwaka 1900. Ilikuwa nyepesi kisheria na kwa ujenzi, ila geji yake ni 1,435. Prussia nayo, dola ya zamani ya Kijerumani, kwa sheria yake ya mwaka 1892, iliita njia za daraja la chini Kleinbahn, "reli ndogo". Udogo huo ulikuwa wa hadhi, na nyingi kati yake zilijengwa kwa geji sanifu.

Kwa haki, wembamba wa geji na wepesi wa reli vilichanganyika kwa sababu viwandani na mashambani vilienda pamoja kweli. Reli ya Ffestiniog huko Wales, ya mwaka 1836, ilikuwa na geji ya milimita 597 hivi. Mabehewa ya mawe ya kuezekea yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, na farasi wakayarudisha juu yakiwa matupu, hadi vichwa vya mvuke vilipofika mwaka 1863. Miaka ya 1870 Paul Decauville, huko Petit-Bourg nchini Ufaransa, akaja na vipande vya njia vilivyokwisha kuungwa, reli zikiwa zimefungwa kwenye mataruma ya chuma, yaani pau za kulalia reli. Vibarua walikibeba kipande kwa mikono, wakakitandika shambani, wakasomba viazisukari, kisha wakaking'oa na kukihamisha. Jina lake likageuka kuwa neno la kawaida la Kifaransa kwa njia za namna hiyo.

Faida ya wembamba hasa iko kwenye kona. Magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja, lakini kwenye kona lile la nje lina safari ndefu zaidi. Kwa kona ya nyuzi 90, tofauti ni takriban geji mara 1.57: kama mita 2.25 kwa geji ya 1,435, na sentimita 94 tu kwa geji ya 600. Msuguano unapungua, na njia inaweza kujikunja kuufuata mlima badala ya kuupasua.

Gharama yake ni kupungua kwa uthabiti. Taruma likizama upande mmoja kwenye udongo uliolowa, milimita 20 tu, behewa la geji ya 600 linalala sawa na lile la 1,435 lililozama milimita 48. Geji bado ni sahihi kabisa, lakini behewa limekaribia zaidi kupinduka. Ndiyo maana kwenye njia hizi haitoshi kupima geji peke yake; usawa wa reli mbili nao hupimwa.

Na ukiipima geji, usipime katikati ya reli hadi katikati. Reli ya kilo 9 kwa mita ina kichwa cha milimita 32 hivi, kwa hiyo utasoma 632 mahali penye 600. Pima kati ya nyuso za ndani, milimita 14 hivi chini ya uso wa juu, na upime kwenye mnyooko, kwani kwenye kona kali geji huongezwa makusudi.

Kwa hiyo ukimaanisha nafasi, sema "geji nyembamba" na utaje namba, kwa sababu 1,000 na 1,067 zote ni nyembamba na treni ya moja haipiti kwenye nyingine. Ukimaanisha chuma, sema "reli nyepesi" na utaje kilo.