Kustaafia ng'ambo: piga hesabu ya miaka 20, si ya mwezi mmoja

Swali linaloletwa mara nyingi kwenye dawati letu la elimu kwa wanachama wa mfuko wa pensheni ni hili: "Pensheni yangu itanitosha nikihamia huko?" Muulizaji kwa kawaida ameshakwenda likizo mara kadhaa. Amekuta kodi ya nyumba ni nusu ya anayolipa kwao, jua halikatiki, na magoti yanayomsumbua kila msimu wa baridi yametulia. Hesabu yake huwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba ni hesabu ya mwezi mmoja, tena mwezi wa mtu wa miaka 65 mwenye afya njema na mwenzi aliye hai. Mtu huyo anaweza kuishi miaka 20 mingine au zaidi, na karibu kila kinachoifanya nchi ya ugenini kuwa nafuu kinaweza kugeuka ndani ya muda huo: thamani ya fedha, masharti ya viza, kodi, na mwili wake mwenyewe.

Jambo la kwanza kuliuliza ni kama pensheni itakufuata. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kama itaendelea kuongezwa baada ya kukufuata. Marekani huwalipa raia wake pensheni ya hifadhi ya jamii karibu popote walipo. Cuba na Korea Kaskazini ni kati ya nchi ambazo haipeleki malipo. Uingereza nayo hulipa popote, ila nyongeza ya kila mwaka haiendi popote. Mstaafu wake akihamia Hispania, Ufilipino au Marekani hupata nyongeza sawa na aliyebaki nyumbani. Akihamia Thailand, Afrika Kusini, Australia au Kanada, pensheni yake inaganda pale pale ilipokuwa, hata akae huko miaka 30. Kanada si nchi ya kigeni sana kwa Mwingereza, na maisha yake si ya bei rahisi. Kinachoamua ni kama kuna makubaliano kati ya nchi hizo mbili yanayoruhusu nyongeza. Wastaafu walilipeleka suala hili hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2010 walishindwa.

Pensheni iliyoganda haiumi mwaka wa kwanza. Bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, baada ya miaka 20 fedha ile ile itanunua takriban asilimia 55 ya vitu ilivyonunua mwanzoni. Upungufu huo humkuta mtu akiwa na miaka 85, umri ambao hawezi tena kutafuta kibarua cha kujazia.

Hata pensheni inayoongezwa hulipwa kwa sarafu ya kwenu, ilhali wewe unakula kwa sarafu ya huko. Chukua mstaafu aliyehamia Thailand mwaka 2007 akiwa na pauni 1,000 kwa mwezi. Wakati huo pauni moja ilikaribia baht 70, kwa hiyo mkononi alipata kama baht 70,000. Mwaka 2019 pauni ilikuwa imeshuka chini ya baht 40. Hakufanya ubadhirifu wowote, hakuugua, wala hakuibiwa, lakini kipato chake kilikatika karibu nusu. Kibaya zaidi, mojawapo ya njia za kupata ruhusa ya kukaa Thailand kama mstaafu, kwa mwenye miaka 50 na kuendelea, ni kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Pauni 1,000 zilizovuka kizingiti hicho alipofika hazikukivuka tena. Njia nyingine ni kuwa na baht 800,000 benki, na ndiyo maana asiyekuwa na akiba pembeni alijikuta hana pa kushika.

Kuna waliokwepa hatari hii kwa kuchagua nchi inayotumia sarafu ya pensheni yao. Mmarekani aliyeko Panama, au aliyeko Ecuador ambayo ilianza kutumia dola mwaka 2000, hana cha kubadilisha. Kwa wengine wote, ushauri wetu ni kupiga bajeti kana kwamba sarafu ya pensheni imeshuka kwa asilimia 30. Ikiwa bajeti hiyo haikai sawa, nchi hiyo si nafuu kwako, hata kama ni nafuu kwa jirani yako.

Tukija kwenye matibabu, hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Watu huishi miaka mingi wakidhani kwamba kwa kuwa walichangia, basi tiba ni haki yao popote watakapokuwa. Sivyo. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, hailipii matibabu nje ya nchi hiyo isipokuwa katika hali chache sana. Anayeacha kulipia sehemu yake ya pili, ile inayogharamia madaktari na huduma za nje ya kulazwa, kisha akarudi na kuomba upya, kwa kawaida hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa nje ya mpango, na nyongeza hiyo humfuata kwa kawaida maisha yake yote. Huduma ya afya ya Uingereza hutegemea ukaazi, si miaka uliyochangia. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna unafuu: mstaafu wa nchi moja anayehamia nyingine hupewa fomu iitwayo S1, akatibiwa huko kama mwenyeji, na bili ikaenda kwa nchi inayomlipa pensheni. Kama una haki ya fomu hiyo, iombe kabla hujafunga mizigo.

Asiye na mpango wa aina hiyo hubaki na bima binafsi. Hapo soma mkataba wote, hasa sehemu mbili: umri wa mwisho wa kupokelewa au kuhuishwa, na maradhi uliyonayo tayari. Kampuni inayokupokea kwa furaha ukiwa na miaka 62 inaweza kukupandishia ada kila mwaka mpaka ukashindwa, au kukataa kabisa kulipia moyo na kisukari kwa kuwa ulikuja navyo. Waulize leo, kwa maandishi, ada ya mtu wa miaka 80 ni kiasi gani. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu.

Tena hospitali si gharama kubwa kuliko zote. Upasuaji wa nyonga una mwisho. Kuogeshwa, kulishwa na kulindwa usiku hakuna mwisho unaojulikana. Nchi nyingi za bei nafuu zinategemea familia kufanya kazi hiyo, na familia yako wewe iko bara jingine. Nyumba za kulelea wazee ni chache, na zilizopo mara nyingi huzungumza lugha ya mahali hapo tu. Hili si jambo dogo, kwa sababu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huweza kumnyang'anya mtu lugha aliyojifunza ukubwani na kumwachia ile ya utotoni. Mgonjwa wa aina hiyo hawezi kumweleza muuguzi kwamba anaumwa meno.

Na hilo joto linalosifiwa? Linasaidia viungo vya baadhi ya watu, ni kweli. Lakini mwili wa mzee hutoa jasho kidogo, huchelewa kuhisi kiu, na dawa kadhaa za presha, hasa za kupunguza maji mwilini, huongeza hatari. Wimbi la joto la mwaka 2003 linakadiriwa kuua zaidi ya watu 70,000 Ulaya, wengi wao wazee. Kama nchi unayoitaka umeiona msimu wa watalii tu, bado hujaiona. Panga nyumba huko katika ule msimu ambao wenyeji wenyewe wanaulalamikia, na ufanye hivyo kabla hujauza chochote nyumbani.

Kuhusu viza na kodi, kumbuka kwamba ulikaribishwa kwa sababu ya fedha zako, na mwenye mlango anaweza kupandisha kiingilio. Malaysia ilikuwa na mpango maarufu wa ukaazi wa muda mrefu ambao kwa miaka mingi ulidai kipato cha ringgit 10,000 kwa mwezi kwa wanaoishi nje. Mwaka 2021 kikapandishwa hadi 40,000, kabla ya masharti kubadilishwa tena. Ureno ilianzisha mwaka 2009 utaratibu ulioziacha pensheni nyingi za kutoka nje bila kodi kwa miaka 10. Mwaka 2020 ikaweka asilimia 10 kwa waombaji wapya, na mwaka 2024 ikaufunga kwa wageni wapya walio wengi. Kabla ya hapo Finland na Sweden, zilizochoka kuona wastaafu wao hawalipi kodi huku wala kule, zilikuwa zimeshavunja mikataba yao ya kodi na Ureno. Kwa hiyo pigo laweza kutoka upande wowote. Kanuni ya kukaa siku 183 kwa mwaka, ambayo nchi nyingi huitumia kumhesabu mtu kuwa mkaazi wa kikodi, ni mwanzo tu. Raia wa Marekani hudaiwa taarifa za kodi na nchi yake popote aishipo.

Nyumba: panga, usinunue, angalau mwaka wa kwanza. Thailand na Ufilipino kwa jumla haziruhusu mgeni kumiliki ardhi, ingawa anaweza kumiliki chumba katika jengo la ghorofa kwa mipaka maalumu. Mexico humtaka mgeni anayetaka nyumba ya makazi ndani ya kilomita 50 kutoka pwani apitie amana ya benki, yaani benki ndiyo inayoshika hati ya nyumba kwa niaba yake. Na hata pale ruhusa inapoonekana ipo, ichunguze. Huko Vera, kusini mwa Hispania, mwaka 2008 serikali ya jimbo ilibomoa nyumba ya wastaafu wawili wa Kiingereza waliojenga kwa kibali cha manispaa, kwa kuwa kibali chenyewe kilitolewa kinyume cha sheria. Mwanasheria wako awe wako, asiwe yule anayeletwa na wakala wa nyumba.

Yamebaki makaratasi, na moja linastahili kutajwa peke yake: hati ya uhai. Mifuko mingi hutuma fomu kwa wanaoishi nje, wakitakiwa kuthibitisha mbele ya shahidi anayekubalika kwamba bado wako hai. Fomu ikipotea njiani, au ikarudi bila mhuri, malipo husimamishwa. Tunaona watu wakikaa miezi bila senti kwa sababu walihama mtaa na hawakutujulisha anwani mpya. Mpe mtu mmoja unayemwamini nyumbani namba yako ya uanachama na nakala ya kila barua.

Andika pia wosia unaotambulika kule unakoishi. Tangu Agosti 2015, katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, mirathi hufuata sheria ya nchi marehemu alikokuwa akiishi kwa kawaida, isipokuwa kama alichagua katika wosia sheria ya uraia wake. Usipochagua, unaweza kukuta nchi kama Ufaransa inawatengea watoto fungu ambalo mjane hawezi kuligusa. Na huyo mjane, au mgane, ana maswali mawili ambayo ni vyema yajibiwe mkiwa bado wawili: ni sehemu gani ya pensheni itakayoendelea kumfikia, na je, kibali chake cha ukaazi kinasimama chenyewe au kiliegemea chako? La kwanza uliza mfuko wako. La pili uliza ubalozi, na majibu yote mawili yawe kwenye karatasi yenye tarehe.