Shilingi 90 za mwaka 2006: jinsi ninavyosoma bei za zamani za hisa

Equity Bank iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Agosti 2006 kwa bei ya shilingi 90 kwa hisa. Mwishoni mwa 2024 hisa ya kampuni hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya shilingi 50. Msomaji anayeziweka bei hizo mbili kando kwa kando, bila kuuliza jambo lingine lolote, ataamini kwamba mwenye hisa wa mwanzo amepoteza karibu nusu ya fedha zake katika miaka kumi na minane, ilhali ukweli ni kwamba mtaji wake umekua zaidi ya mara kumi, kabla hata ya kuhesabu gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa wake. Katika kazi yangu ya uchambuzi wa hisa hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili katika sura zake mbalimbali, na karibu kila mara chanzo chake ni kimoja: watu huichukulia bei ya zamani kama kipimo kisichobadilika, wakati hisa yenyewe ambayo bei hiyo inaihesabu imebadilika.

Katika kisa cha Equity mabadiliko yalikuwa mawili. Mwaka 2007 benki iliwapa wanahisa hisa mbili za bonasi kwa kila hisa moja waliyokuwa nayo, na mwaka 2009 ikaigawanya kila hisa kuwa kumi. Aliyekuwa na hisa 100 mwaka 2006 alijikuta na hisa 300 baada ya bonasi na hisa 3,000 baada ya mgawanyo, bila kuongeza hata senti moja. Kwa hiyo, tukitaka kuilinganisha bei ya 2006 na ya leo kwa haki, lazima tuigawe kwa 30, na shilingi 90 zile zinakuwa shilingi 3. Hiyo ndiyo bei iliyorekebishwa, na hiyo pekee ndiyo inayoweza kuchorwa kwenye chati moja na bei za miaka iliyofuata. Benki ya KCB nayo iligawanya hisa yake moja kuwa kumi mwaka 2007, na Barclays ya Kenya, ambayo sasa ni Absa, iligawanya hisa zake mara mbili, kwa hiyo mtu anayechunguza mabenki ya Nairobi kwa kipindi kirefu hawezi kulikwepa jambo hili.

Tatizo ni kwamba tovuti na programu nyingi zinazotoa bei za zamani hazisemi waziwazi kama zimerekebisha au la, na zipo zinazorekebisha mgawanyo zikasahau bonasi. Njia yangu ya kukagua ni rahisi: natafuta tarehe ya mgawanyo katika taarifa ya mwaka ya kampuni, kisha naangalia bei za siku chache kabla na baada ya tarehe hiyo. Kwa mgawanyo wa hisa moja kuwa kumi, ikiwa bei inaanguka kwa karibu tisa ya kumi ndani ya siku moja na inaendelea kwa utulivu baadaye, takwimu hizo hazijarekebishwa. Idadi ya hisa zilizotolewa, ambayo kila taarifa ya mwaka huionyesha katika maelezo ya mtaji, ni shahidi mzuri zaidi kuliko chati yoyote. Hisa stahiki, yaani zile ambazo wanahisa wa zamani huuziwa kwanza kwa bei nafuu, huhitaji hesabu yenye hatua zaidi kwa sababu mwanahisa hutoa fedha, lakini msingi wake ni huo huo.

Jambo la pili ni gawio, na hapa nitatumia Safaricom kwa kuwa ndiyo hisa iliyo mikononi mwa watu wengi zaidi. Serikali iliuza sehemu ya hisa zake katika kampuni hiyo ya simu kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, na hisa ilianza kuuzwa sokoni Juni mwaka huo. Miezi iliyofuata ilikuwa michungu, bei ikashuka chini ya ile shilingi 5 na kukaa huko kwa muda mrefu, na wengi waliokuwa wamekopa ili wanunue waliuza kwa hasara. Aliyevumilia alipata nini? Chati ya bei haiwezi kumjibu peke yake. Kwa miaka minne ya fedha iliyoishia Machi 2016 hadi Machi 2019, kampuni ilitangaza gawio la kawaida la senti 76, senti 97, shilingi 1.10 na shilingi 1.25, pamoja na magawio mawili maalum ya senti 68 na senti 62. Jumla yake ni shilingi 5.38 kwa hisa. Hata baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla gawio halijamfikia mwanahisa, ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, kiasi hicho kinazidi bei yote ya mwaka 2008, na hisa bado iko mkononi.

Kuna bei za zamani ambazo hata gawio limeshaondolewa ndani yake, yaani kila bei ya nyuma imepunguzwa kwa uwiano wa magawio yaliyolipwa baadaye ili chati ionyeshe faida kamili. Bei hizo ni nzuri kwa kupima mapato, lakini hazifai kumwambia mtu hisa iliuzwa kwa shilingi ngapi siku fulani, na asiyejua tofauti hiyo huishia kubishana na dalali wake kuhusu bei ambayo sokoni haikuwahi kutokea.

Wasomaji walioko ughaibuni wanaotuma fedha nyumbani kununua hisa wana safu moja zaidi ya kuongeza, nayo ni ya thamani ya sarafu. Mwaka 2008 hisa ile ya shilingi 5 ilikuwa na thamani ya takribani senti 8 za dola ya Marekani. Mwisho wa 2023 Safaricom ilikuwa karibu na shilingi 14, lakini dola moja ilihitaji zaidi ya shilingi 156, kwa hiyo hisa ilikuwa na thamani ya takribani senti 9 za dola. Kwa shilingi, bei ilikuwa imepanda karibu mara tatu. Kwa dola, ilikuwa imesogea kidogo sana, na karibu faida yote ya mwekezaji huyo ilikuwa imetoka kwenye gawio. Anayehesabu maisha yake kwa shilingi naye asisahau mfumuko wa bei, ingawa hilo ni rahisi kulipata katika takwimu za serikali.

Safu ambayo watu huiruka zaidi ya zote ni ya kiasi cha hisa zilizouzwa. Nairobi, bei ya kufungia siku ni wastani wa bei za mauzo ya siku hiyo uliopimwa kwa wingi wa hisa, si bei ya muuzaji wa mwisho, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wastani wa mauzo machache sana bado ni maoni ya watu wachache sana. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020 na ikarejea Januari 2025, na muda wote huo bei yake iliandikwa shilingi 3.83. Mtu akiipa kompyuta takwimu za kipindi hicho bila kuangalia kiasi cha mauzo, itamtolea jibu kwamba hii ndiyo hisa tulivu kuliko zote Nairobi! Dar es Salaam pia bei ya TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, ilikaa kwenye shilingi 10,900 za huko kwa muda mrefu, si kwa sababu thamani ya kampuni haikubadilika, bali kwa sababu hisa zilizobadilisha mikono zilikuwa chache mno. Bei isiyosogea katika masoko yetu mara nyingi ni dalili ya ukosefu wa ukwasi, yaani ugumu wa kuuza unapotaka kuuza, na hiyo ni hatari ambayo vipimo vya kawaida vya kuyumba kwa bei haviioni.

Nitoe tahadhari fupi kuhusu fahirisi, yaani namba moja inayojumlisha mwenendo wa bei za hisa nyingi. Wapo wanaopima Safaricom kwa kuilinganisha na fahirisi ya hisa zote za Nairobi, ile iliyoanza na alama 100 mwaka 2008. Lakini kampuni hiyo imewahi kuwa takribani nusu ya thamani ya soko zima, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa wanailinganisha na kivuli chake mwenyewe. Fahirisi hiyo pia hupoteza kumbukumbu ya walioanguka, kwani kampuni kama Mumias Sugar, iliyosimamishwa kuuzwa mwaka 2019, haina bei mpya ya kuhesabiwa.

Baada ya takwimu kusafishwa hivyo, ndipo zinapoanza kufaa. Agosti 2021 Safaricom ilivuka shilingi 44, na hadi mwisho wa 2023 ilikuwa imepoteza takribani asilimia 68. Hesabu ya anguko la namna hiyo ni kali, kwa sababu ili kurudi pale ilipokuwa, bei inapaswa kupanda kwa zaidi ya asilimia 200. Wateja wengi huniambia kwamba hisa iliyowahi kufika 44 lazima itarudi. Nikiiweka bei kando ya faida, picha inabadilika. Faida kwa kila hisa ilikuwa shilingi 1.71 katika mwaka ulioishia Machi 2021 na shilingi 1.55 katika mwaka ulioishia Machi 2023, yaani ilipungua kwa chini ya asilimia 10. Kilichoporomoka ni kiasi ambacho wanunuzi walikuwa tayari kulipa kwa kila shilingi ya faida: kutoka takribani shilingi 26 hadi takribani shilingi 9. Gharama za kuanzisha mtandao Ethiopia zilichangia, lakini kwa maoni yangu uzito mkubwa ulikuwa wa wawekezaji wa kigeni waliouza riba zilipopanda Marekani na shilingi ikadhoofika. Kwa hiyo anayenunua leo kwa kuitegemea 44 hapaswi kuuliza tu kama kampuni itafanya vizuri. Anapaswa kujiuliza kama faida itakua kiasi cha kuibeba bei hiyo kwa uwiano wa kawaida, au kama wale waliokuwa tayari kulipa mara 26 ya faida watarudi Nairobi, na ni kitu gani kitakachowarudisha.