Maneno ya "huyu hawezi" yaliyomweka mdogo wangu nyumbani miaka miwili

Mdogo wangu ni kiziwi, kasomea ushonaji, suruali yake inakaa mwilini kuliko za mafundi wengi hapa Dodoma mjini, na bado alikaa nyumbani Nkuhungu miaka miwili, kazi anaijua ila watu walikuwa na maneno yao.

La kwanza, "ataniletea gharama." Hapana jamani. Kwa kiziwi ni meseji badala ya kupiga simu, oda ziandikwe kwenye daftari, na bosi ajue alama chache za kazini, kama kipimo, pindo, kesho, mteja kaghairi. Asiyeona, simu nyingi za Android zina TalkBack inayomsomea kilichopo kwenye skrini kwa sauti, na kwenye kompyuta ya Windows unaweka NVDA, programu inayofanya kazi hiyohiyo, ya bure kabisa. Wa kiti mwendo anataka njia ya mteremko pale mlangoni, fundi ujenzi anaimaliza siku moja. Mwenye ualbino usimsimamishe kwenye jua letu hili la saa saba, mpe kazi ya kivulini na maandishi makubwa, basi.

Wengine wanasemaga kumwajiri ni huruma ya bosi. Sio huruma, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 wawe wenye ulemavu, na kabla ya hapo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilishakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake, hata kama kiofisi kina watu watano.

Sasa hili linaniuma: "ajitolee kwanza tumuone." Kumuona mtu wiki mbili naelewa, kila fundi anajaribiwa. Ila dogo alishona sare za shule miezi nane sehemu moja, wazazi wanalipa bei kamili, ye anapewa chakula cha mchana na kupigwapigwa bega, na ndugu tukawa tunashukuru eti angalau katoka nyumbani. Tulikosea. Nguo yake ikiuzwa, alipwe. Siku hizi mtu akitaka kumchukua kijana namuuliza mapema, majaribio yanaisha tarehe ngapi na baada ya hapo ni shilingi ngapi, na tunaandika.

Kuna na hili la "asome kozi nyingine mpaka awe tayari." Kozi nzuri, ila kuna vijana wana vyeti vitatu na hawajawahi kushika mshahara. Marekani tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakifanya kinyume, hasa kwa vijana wenye ulemavu wa akili, yaani anaingizwa kwenye kazi yenyewe, anafundishwa hapohapo, na kuna mtu wa kumsindikiza anayejitoa kidogokidogo. Mi sikujua kama ina jina ila ndicho nilichofanya dogo alipopata kazi kwa fundi mwingine, wiki ya kwanza nilikaa pale asubuhi natafsiri, wiki ya pili dada wa mashine ya vifungo akawa anaongea naye kwa alama bila mimi, wiki ya tatu sikwenda. Na daladala tulipanda wote siku nne, akashajua anashukia wapi.

"Si kuna mkopo wa halmashauri?" Upo, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu, hauna riba, lakini ni mkopo, unarudishwa, na sio kila kijana anataka biashara, wengine wanataka kuajiriwa tu kama wewe.

La mwisho lilitoka kwa mama mwenyewe. Mshahara wa kwanza ulipoingia alitaka upitie kwenye simu yake amtunzie mtoto. Nikamwambia mama, laini ni ya kwake, namba ya siri anaijua ye mwenyewe, na kama anataka kukununulia kitenge atakununulia.