Kabla kiinua mgongo hakijaingia kwenye kiwanja, pima maji

Wanaokaribia kustaafu hapa Dar es Salaam wanakichunguza kiwanja vizuri sana kwa barabara, umeme, hospitali na hati. Maji huulizwa swali moja tu: yapo? Dalali anajibu yapo, kisima kile pale, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Kazi yangu ni ubora wa maji, na naomba swali la pili liulizwe kabla fedha hazijatoka benki: maji hayo yana nini ndani yake mwezi Septemba, pampu ikiwa imevuta kwa saa nne mfululizo?

Nataja Septemba kwa sababu pwani yetu chumvi haitulii mahali pamoja. Chini ya ardhi, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huizuia chumvi hadi kina cha mita kama 40 chini ya usawa huo. Ukivuta hadi maji yashuke nusu mita tu na yabaki hivyo, mpaka wa chumvi umepata nafasi ya kupanda mita 20. Kwa hiyo kisima cha Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni unaweza kukionja mwishoni mwa Mei, masika yametoka kunyesha, ukaridhika kabisa. Onja tena kiangazi kikikolea, majirani wote wakiwa wanavuta, na utakuta maji mengine. Na mtaa ukijaa nyumba, kila moja na pampu yake, hali inaendelea kubadilika mwaka hadi mwaka.

Jinsi ya kupima ni hivi. Nunua kalamu ya kupimia chumvi, ile inayoonyesha miligramu kwa lita. Mwombe mwenye kisima awashe pampu. Kisima chenye kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya inchi 6 kina lita 18 hivi kwa kila mita ya maji yaliyosimama ndani. Kikiwa na mita 40 za maji, hizo ni zaidi ya lita 700 zilizolala humo, na haziwakilishi maji utakayokunywa. Toa kiasi hicho mara tatu, yaani lita 2,100 hivi, ndipo uchukue kipimo cha kwanza. Pima tena baada ya saa mbili, kisha saa nne, ukichota kwenye bomba linalotoka moja kwa moja kisimani. Usichote kwenye tenki, kwa maana mle kuna maji ya jana na ya juzi. Namba ikisimama pale pale, hata kama ni kubwa kidogo, unajua unanunua nini. Ikipanda saa hadi saa, chumvi inavutwa kutoka chini, na hapo mimi nisingenunua kwa kutegemea kisima hicho. Muulize pia muuzaji ripoti ya uchimbaji na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ripoti nzuri inaonyesha kina, mahali machujio yalipowekwa na matokeo ya kupima uwezo wa kisima.

Kuhusu namba zenyewe: chini ya miligramu 600 kwa lita watu wengi wanakunywa bila kulalamika, na zikipita 1,000 ladha inaanza kukataliwa. Lakini kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, ladha si kipimo cha kutosha, kwani ulimi unazoea. Kwenye maji yaliyochanganyika na bahari, karibu theluthi ya chumvi yote ni sodiamu. Kalamu ikisoma 1,300, sodiamu inakaribia 400. Lita mbili kwa siku zinakupa miligramu 800, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite 2,000 kwa siku, chakula chote kikiwemo. Asilimia 40 imeshaingia kabla hujagusa mboga wala dagaa. Mwenye presha anayemeza vidonge kila asubuhi, au mwenye figo zilizochoka, amwonyeshe daktari wake namba ya sodiamu kutoka maabara kabla hajahamia.

Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zinapokea sampuli za watu binafsi. Usiombe "kipimo cha maji" kwa ujumla. Omba sodiamu, kloraidi, naitreti, floraidi, chuma, ugumu wa maji na bakteria wa kinyesi. Chupa ya bakteria lazima itoke maabara ikiwa imesafishwa kwa joto. Choma mdomo wa bomba la chuma kwa moto, acha maji yatiririke dakika mbili au tatu, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye boksi lenye barafu na ufikishe ndani ya saa 6. Sampuli iliyozunguka na daladala mchana kutwa kwenye joto letu haina maana tena. Bakteria wa kinyesi wanatakiwa wasionekane kabisa kwenye mililita 100.

Naitreti isipite miligramu 50 kwa lita, na hata ikiwa 35 iangalie kwa makini. Kwenye mitaa yetu iliyobanana, kwa kawaida inatokana na vyoo vya shimo na makaro yanayovujia chini. Kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo ni hatari ya kweli, na nyumba ya mstaafu haikosi wajukuu. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo au karo, pamoja na makaro ya jirani nyuma ya ukuta, ambayo watu huyasahau.

Hapa pana jambo linalonisikitisha kila mara: familia inachemsha maji ya kisima kwa bidii ikiamini imemaliza kazi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi, naitreti na floraidi vyote vinabaki, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo vinavyokolea. Kwa yule anayefikiria kurudi Arusha, Meru au Singida baada ya kustaafu, floraidi ndiyo ya kwanza kupima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Angalia meno ya watu waliozaliwa na kukulia pale kijijini. Yakiwa na madoa ya kahawia kwa wengi wao, peleka sampuli maabara kabla ya kufyatua tofali.

Maji ya bomba kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hayana tatizo hili la chumvi, na eneo lenye bomba linalotoka kweli ningelipa thamani kubwa. Tatizo lake ni mgawo, kama ule wa Oktoba 2022 mto ulipopungua. Bomba likikosa msukumo, maji machafu ya ardhini huingia kupitia viungo vilivyolegea. Yakirudi, yaachie yatoke nje hadi yawe meupe ndipo ufungue kuelekea kwenye tenki, kisha chemsha ya kunywa.

Kisima kikiwa na chumvi na bomba halijafika, watu hukimbilia mtambo wa kuchuja chumvi. Unafanya kazi, ila tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa msukumo wa baa (kipimo cha msukumo wa maji) 0.3 tu, na mtambo wa nyumbani unahitaji 3 au zaidi. Bila pampu ndogo ya kuongeza msukumo utapata matone. Halafu kuna maji yanayotupwa, lita mbili hadi nne kwa kila lita safi, na machujio ya kubadilisha kila miezi 6 hadi 12.

Kwa wazee wawili ningeanza na mvua. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 linaweza kukusanya lita 80,000, ukitoa zinazopotea. Kunywa na kupika kwa watu wawili ni lita 30 kwa siku zikizidi sana, hivyo kiangazi cha siku 120 kinahitaji lita 3,600. Simtank la lita 5,000 linatosha, likitengwa kwa kazi hiyo pekee na kujazwa kabla masika hayajaisha. Kuoga na kufua kuendelee na kisima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize: mwaga angalau lita 50 za mwanzo kwa paa hilo, maana zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Paa liwe la bati au vigae. La asbesto liache. Na hata maji ya mvua yanachemshwa kabla ya kunywa, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye bomba, kikombe kisizamishwe ndani.

Tenki lisafishwe kila mwaka kabla ya masika. Sugua, suuza, lijaze maji, kisha kwa kila lita 1,000 weka gramu 75 hadi 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Fungua mabomba yote ya nyumba hadi usikie harufu ya klorini, yafunge, acha usiku kucha, kisha mwaga na usuuze. Usiyamwage kwenye karo, yataua bakteria wanaolifanya lifanye kazi.