Mzee Yuko Kitandani: Maswali Tunayoulizwa Uganda

Mama mkwe amepooza upande mmoja. Nasikia ng'ambo serikali humlipa mtu aje nyumbani kumwogesha mzee asiye na uwezo. Na hapa kwetu?

Hapa hapana, dada. Katiba ya 1995 inaitaka serikali iwatunze wazee, lakini mtu wa kuja asubuhi na beseni kwa mshahara wa serikali hayupo. Anayeamka ni wewe, au binti yako aliyekosa shule siku hiyo. Msaada uliopo ni vipande vipande, na kila kipande kina mlango wake.

Pesa za SAGE atapata?

SAGE ni ruzuku ya serikali kwa wazee: shilingi 25,000 kwa mwezi, chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mpango ulianzishwa 2010 kwa wilaya chache. Ulipopelekwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21, wapya walichukuliwa kuanzia miaka 80. Walioingia mapema wakiwa na 65, au 60 kule Karamoja, waliendelea kulipwa. Umri husomwa kwenye kitambulisho cha taifa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mzee ana wajukuu wenye ndevu, ila karani alimwandikia tarehe ya kukisia, basi kwenye karatasi ni kijana! Kitazameni kitambulisho leo. Kama tarehe si sahihi, nendeni ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kisha mumwone afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Asiyeweza kutembea huteua mtu wa kumpokelea. Ni pesa ya sabuni na sukari. Mtunzaji huwezi kumwajiri kwayo.

VHT wa kijiji anaweza kumtibu?

VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, si muuguzi, ni mtu wa kujitolea. Mwite hata hivyo: atakuelekeza kituo cha afya na kueleza hali ya mgonjwa kabla hamjakodi boda. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa 2001, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Dawa zikiisha, hata hivyo, utaambiwa ukanunue.

Mgongo umeanza kuwa mwekundu.

Hili lisingoje kesho. Kidonda cha kulala huanza ndani, ngozi ikiwa bado nzima. Bonyeza pale pekundu kwa kidole. Pasipobadilika rangi, damu haipiti vizuri. Kwa ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani, kwa hiyo pima kwa kiganja kama pana joto au ugumu. Mgeuze kila baada ya saa mbili: kushoto, kulia. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, na mwingine katikati ya magoti. Shuka iwe kavu, isiyo na mikunjo. Usipakande pale pekundu, wala usimkalishe juu ya pete ya kitambaa kama ile ya kubebea mtungi. Hukaba damu kuzunguka kidonda. Mpe mayai, maharage, mukene (dagaa). Ngozi ikishapasuka, mpeleke kituoni.

Tangu jana anaongea ovyo. Majirani wanasema karogwa.

Majirani waache. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mara nyingi ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, au choo kilichofunga siku nyingi. Apimwe leo. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, ni kiharusi. Hapo nendeni hospitali moja kwa moja.

Baba ana saratani, analia usiku.

Uliza mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, lina timu Kampala, Mbarara na Hoima zinazowatembelea wagonjwa majumbani. Kati ya vyote nilivyotaja, hii ndiyo inayokaribia zaidi ile huduma ya nyumbani ya ng'ambo. Tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa mateso) kuandika mofini, na serikali huigharamia. Omba na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana mofini hufunga tumbo.