Mfalme aliyejificha ndani ya "check"

Kuna swali linalotufikia kila mara katika dawati letu la kamusi na tafsiri: "check" kwa Kiswahili ni nini? Anayeuliza anataka neno moja aliandike aende zake, nasi tunamchosha kwa kumrudishia swali: ipi? Ya benki ni hundi. Ya hospitali ni uchunguzi wa afya. Ya shati ni drafti. Mwalimu wa Marekani akisahihisha daftari, check ni ile alama ya vyema; mhudumu wa mkahawa wa New York akiileta mezani, ni bili ya chakula. Kwa wanaosoma katiba ni kudhibiti. Ukizipanga hivyo huoni shati linahusianaje na hundi, wala daktari na bili. Zinahusiana kupitia mfalme.

Mfalme mwenyewe ni wa kwenye sataranji. Mchezo huu ulianzia India, yapata karne ya 6, ukaitwa chaturanga, yaani wenye sehemu nne, kwa kuwa jeshi la Kihindi la kale lilikuwa na vikosi vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Wafarsi walipoupokea wakauita chatrang. Waarabu, ambao hawana "ch" katika herufi zao, wakasema shatranj, na sisi tukaipachika irabu zetu ikawa sataranji. Kwa Wafarsi, mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alimwonya kwa kupaza sauti: "Shah!" Mfalme! Ni shaha huyohuyo tunayemjua katika cheo cha shaha wa malenga.

Onyo hilo likaelekea magharibi. Katika Kilatini cha zama za kati likawa scaccus, katika Kifaransa cha kale eschec, na Waingereza wakalikata kichwa, likabaki check. Wingi wake wa Kifaransa, eschecs, ndio uliozaa chess, jina la mchezo wenyewe. Kwa hiyo mchezo ule ulitufikia kwa milango miwili: jina lake kupitia kwa Waarabu, kelele zake kupitia kwa Waingereza.

Checkmate nayo ni shah mat. Wengi tumefundishwa kwamba maana yake ni "mfalme amekufa", na sikio la Mswahili hukubali upesi maana linasikia maiti na mauti mle ndani. Wapo wataalamu wanaosema kwamba mat hapo ni neno la Kifarsi, lenye maana ya aliyeduwaa, aliyeishiwa hila. Naegemea upande wao. Katika sataranji mfalme haliwi. Mchezo unaisha yeye yu hai, ila hana pa kwenda.

Sasa fikiria hali ya mchezaji aliyeambiwa "shah". Mipango yake yote imesimama. Hawezi kufanya jingine mpaka amwokoe mfalme. Hapo ndipo check ilipopata maana ya kusimamishwa ghafla, kisha ya kuzuia, kisha ya kusimamia jambo lisiende kombo. Na anayesimamia hukagua. Maana hii ya kukagua, ambayo ndiyo wengi wetu huifikiria kwanza, ilikuja nyuma kabisa, kwenye karne ya 17. Ndiyo maana mtu akiandika "ukaguzi na mizani" kutafsiri "checks and balances" huwa tunamrudishia kazi yake. Hapo hakuna anayekagua wala anayepima. Ni ile maana ya zamani: Bunge, Serikali na Mahakama, kila mhimili uweze kuutilia mwingine breki. Sisi husema mihimili kudhibitiana, na inatosha.

Upande wa pesa haukutoka kwa mfalme moja kwa moja. Ulitoka kwenye ubao wake. Ubao wa sataranji kwa Kilatini uliitwa scaccarium, kwa Kifaransa eschequier. Enzi za Henry I, aliyetawala Uingereza kuanzia 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya mfalme zilifanyiwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chenye mistari. Richard FitzNeal, aliyekuwa mtunza hazina, aliieleza meza hiyo katika kitabu chake cha miaka ya 1170: urefu kama futi 10, upana futi 5, kitambaa cheusi kilichochorwa mistari. Vijiwe vya kuhesabia viliwekwa safu kwa safu, peni hapa, shilingi pale, pauni kule. Kwa nini wasiandike tu? Walikuwa wanatumia tarakimu za Kirumi. Jaribu kujumlisha XLVIII na CCXXIX kwa kalamu utawahurumia. FitzNeal mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na sataranji, mtunza hazina upande mmoja na mkusanya mapato upande wa pili. Jina la ubao likaishikilia hazina yenyewe, ikaitwa Exchequer, na hadi leo Waziri wa Fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer, yaani bwana wa ubao wa sataranji.

Hundi ilifuata baadaye. Katika karne ya 18, check kilikuwa kipande cha karatasi kinachobaki ili kilinganishwe na kingine, mtu asighushi. Jina likahamia kwenye karatasi ya malipo yenyewe. Waingereza wakaiandika cheque, wakivutwa na exchequer. Wamarekani wakabaki na check. Sisi tulikuwa na neno letu kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hundi, na sioni sababu ya kuliacha.

Shati nalo? Miraba yake inafanana na ule ubao. Wamarekani wakaenda mbele zaidi, mchezo wa drafti wakauita checkers. Nasi, bila kufundishwa na yeyote, tukapita njia hiyohiyo kwa ubao tulio nao, ule wa visoda chini ya mwembe: shati la miraba tukaliita shati la drafti.

Kuna waliotuuliza pia kama kuchekecha kumetoka kwenye check, kwa kuwa anayechekecha unga ni kama anaukagua. Hapana. Chekecha ni letu, pamoja na chekeche.

Lakini cheki ya mtaani ni mkopo halisi, na imeshakua. "Hebu cheki" ni tazama. Mtumishi wa umma Tanzania ana cheki namba yake, ile ya kumtambulisha kwenye orodha ya mishahara. Na kijana akikwambia "nicheki jioni", hataki umkague wala umzuie. Anataka umpigie simu au umtumie ujumbe. Maana hiyo Mwingereza hanayo. Ukimwambia "check me in the evening" atadhani umemfanya daktari wako.