Kamera ya joto haioni ndani ya nyumba yako

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Dar: eti kamera inayokagua nyufa kwenye ngao ya joto (ganda linalokikinga chombo cha anga na joto kali) hupenya kuta na kuona watu chumbani. Si kweli. Husoma joto la uso wa kitu tu. Mafundi hupasha ngao kwa taa kali, kisha hutazama inavyopoa. Pale tabaka za ngao zilipoachana kwa ndani, joto hukwama, doa linabaki liking'aa. Doa hilo ndilo linalowachanganya watu, wakadhani kamera imeona ndani, kumbe imesoma joto la uso tu. Fundi umeme mwenye kamera ya joto ailenge kwenye kioo cha dirisha lililofungwa: ataona taswira yake mwenyewe, si mtu wa upande wa pili. Tafadhali, ukiupokea usiusambaze. Jirani yangu Sinza ameziba madirisha kwa hofu, na joto hili!